Marijani au Upepo

Gaudiosa: Haloo! Haloo, subiri! Usiseme neno, subiri nijifunge kitenge.

Renatha: Mama, ni mimi.

Gaudiosa: Wewe nani?

Renatha: Renatha, mama. Shikamoo.

Gaudiosa: Marahaba. Mawe, mama yangu! Umenitia kiwewe wewe mtoto. Nimeona namba ya mkwe, nikasema leo Clavery ananipigia mimi mama mkwe wake moja kwa moja, kuna nini? Nilikuwa kwenye migomba na kigauni cha kupalilia. Nimekimbia ndani kufuata kitenge, nimekimbia tena kupanda hapa kwenye kichuguu, maana bila kichuguu hakuna mtandao.

Renatha: (anacheka kidogo) Mama, simu haikuoni.

Gaudiosa: Inione isinione, mkwe ni mkwe. Siongei naye miguu ikiwa nje. Sasa mbona unapiga kwa simu yake? Yako iko wapi? Kila nikipiga, yule dada ananiambia haipatikani.

Renatha: Ilianguka, mama.

Gaudiosa: Si ilianguka Pasaka?

Renatha: Ile ilikuwa nyingine. Mama yangu mpendwa, nimekupigia kwa jambo jema. Clavery yuko hapa pembeni, anakusalimu sana. Na shemeji Isaac, kaka yake mkubwa, amefika kutoka Rubya kwa ajili ya ubatizo wa mtoto. Naye anakusalimu.

Gaudiosa: Nimepokea, waitu, wapendwa wangu. Wasalimu wote. Kokugonza wangu hajambo?

Renatha: Hajambo. Amekua, ameanza kukaa. Mama, tiketi yako ya ndege iko tayari. Unapandia Bukoba, unashukia hapa Dar. Sasa tunapanga malazi.

Gaudiosa: Hapo ndipo pagumu. Tangu uolewe sijakanyaga huko, kwa nini? Nilale wapi? Mimi na mkwe hatulali chini ya paa moja. Bibi yako hakufanya hivyo, mimi nianze?

Renatha: Clavery analijua hilo, mama. Ndiyo maana amesema mama mkwe wake hatalala kwake, na hatalala gesti. Analala hoteli ya maana, ya ghorofa. Ziko mbili, uchague mwenyewe. Angetuma picha ila—

Gaudiosa: Ila mimi nina kitochi.

Renatha: Ndiyo. Kwa hiyo ananiambia nikueleze kwa mdomo. Moja inaitwa Marijani. Iko ufukweni, ghorofa ishirini na mbili, vioo kutoka chini mpaka juu.

Gaudiosa: Vioo? Nikioga watu wa barabarani wananiona?

Renatha: Hawakuoni, mama. Wewe ndiye unawaona. Na juu kabisa, kwenye paa, kuna bwawa la kuogelea.

Gaudiosa: Bwawa kwenye paa.

Renatha: Ndiyo.

Gaudiosa: Wajenzi wa huko wamelewa rubisi. Na ya pili?

Renatha: Ya pili ni Upepo Towers. Iko mjini katikati, ghorofa kumi na nane. Imetulia, watu wa ofisini hufanyia semina pale. Mimi mwenyewe niliwahi— (sauti ya mwanaume, kwa mbali) Ndiyo. Ndiyo, namweleza. Si ndiyo nasema hivyo? Samahani. Mama, Clavery anasema nisizunguke. Niseme majina, wewe uchague.

Gaudiosa: Mbona sauti yako imekuwa hivyo?

Renatha: Ipi, mama yangu mpendwa?

Gaudiosa: Hiyo. Tangu lini mimi nikawa mama yako mpendwa? Wewe huniita mama, ukikasirika huniita Gaudiosa. Sasa unaongea kama mtu anayeambiwa la kusema.

Renatha: Mtandao huo, mama. Unakwaruza.

Gaudiosa: Mtandao haubadilishi sauti ya mtu. Renatha, una nini?

Renatha: Sina kitu. Tuongelee hoteli.

Gaudiosa: Sawa. Tuongelee hoteli. Nisikilize vizuri, wala usishtuke. Nitakuuliza maneno, na wewe utanijibu kwa hoteli. Kama ninachosema ni kweli, isifie Marijani. Kama si kweli, isifie Upepo. Umenielewa?

Renatha: Marijani ni nzuri, mama.

Gaudiosa: Haya. Amekaa karibu na wewe?

Renatha: Marijani iko karibu sana. Iko... karibu kabisa na maji.

Gaudiosa: Ananisikia mimi ninavyosema?

Renatha: Upepo. Upepo wanaisifia kwamba haina kelele.

Gaudiosa: Vizuri. Simu yako aliivunja yeye?

Renatha: Marijani.

Gaudiosa: Na ile ya Pasaka?

Renatha: Marijani, mama. Nimekwambia, ile ina vioo kila mahali.

Gaudiosa: Amekupiga?

(Mkwaruzo wa mtandao. Kimya.)

Gaudiosa: Haloo? Ni mtandao umekata au ni wewe?

Renatha: Nipo.

Gaudiosa: Nimekuuliza.

Renatha: Marijani ina ghorofa nyingi, mama.

Gaudiosa: Nyingi.

Renatha: Nyingi. Hata sijazihesabu.

Gaudiosa: Omukama wange, Mungu wangu. Na mtoto? Amemgusa mtoto?

Renatha: Upepo. Upepo, mama, Upepo kabisa. Ila... hiyo Upepo siku hizi sina uhakika nayo. Juzi niliitazama nikaogopa.

Gaudiosa: Nimesikia. Usilie. Ukilia atajua. Mwambie nauliza kama kuna maji ya moto.

Renatha: (kwa mbali) Anauliza kama kuna maji ya moto. (karibu) Yapo, mama. Yapo zote mbili.

Gaudiosa: Vizuri. Sasa niambie, umewahi kumweleza mtu wa kwetu? Baba yako mdogo Byarugaba?

Renatha: Marijani.

Gaudiosa: Lini? Aa, huwezi kujibu lini. Alikwambia uvumilie?

Renatha: Marijani. Marijani, ndivyo wanavyoisifia wazee wote.

Gaudiosa: Byarugaba! Jumapili amekaa jikoni kwangu, amekula ebitoke, ndizi zangu za kupika, amesifia mpaka chumvi. Hakufungua mdomo! Nikamuuliza una habari za Renatha, akasema wako salama, mambo ya ndani ni ya ndani. Mambo ya ndani! Ndani ya nani? Huyo aliye humo ndani ni mimi niliyemzaa!

Renatha: Mama, punguza sauti. Huku mtandao uko vizuri.

Gaudiosa: Napunguza. Napunguza, lakini nimekasirika, Renatha. Nimekasirika mpaka kichuguu kinatikisika. Niambie jambo moja la mwisho, halafu nitaongea mimi. Unataka kutoka humo ndani?

Renatha: (kimya)

Gaudiosa: Sikulazimishi. Mimi siyo Byarugaba, na siyo Clavery. Ukisema Upepo nitakuja nibatize mjukuu, nirudi, na sitakulaumu.

Renatha: (polepole) Marijani, mama.

Gaudiosa: Sema tena, pamekwaruza.

Renatha: Mimi mwenyewe ningechagua Marijani. Tangu zamani.

Gaudiosa: Basi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi ni mimi. Ukija mwenyewe, atakufuata kituo cha basi, sivyo? Ukienda kwa rafiki atagonga mlango. Ukienda gesti atampa mlinzi chochote, ataingia. Lakini kuna mlango mmoja duniani ambao Clavery hawezi kuugonga. Mlango wa chumba anacholala mama mkwe wake. Amezaliwa Rubya, amenyonya Rubya. Akifika kwenye mlango huo na kuugonga, ukoo wake hautamtazama tena usoni. Na mimi nitakuwa ndani ya mlango huo, na wewe utakuwa ndani, na Kokugonza atakuwa ndani. Yeye amekata tiketi ili watu waseme amemlaza mama mkwe ghorofani. Haya, atanilaza ghorofani! Majivuno yake ndiyo yatakayotupandisha.

Renatha: Mama... (anakohoa) Ndiyo, mama. Nakusikia.

Gaudiosa: Sasa hoteli kweli kweli. Achana na mafumbo, hapa unaweza kujibu kwa sauti hata akisikia. Mtu akitoka barabarani, anaweza kupanda mpaka mlangoni kwangu?

Renatha: Marijani anaweza. Juu kuna mgahawa na lile bwawa, watu wa mjini wote wanapanda. Lifti iko wazi.

Gaudiosa: Na Upepo?

Renatha: Upepo lifti haipandi bila kadi. Mgeni anapewa kadi yake, anaigusisha pale, na inampeleka ghorofa yake tu, siyo nyingine. Na ukiuliza mapokezi fulani yuko chumba gani, hawakwambii. Wanapiga kwanza kwa mgeni. Akikataa, unakaa chini. Nilikwenda pale semina nilipokuwa bado kazini, bosi wetu mwenyewe alikaa chini mpaka akakasirika.

Gaudiosa: Mpaka bosi?

Renatha: Mpaka bosi.

Gaudiosa: Hiyo ndiyo hoteli yangu. Upepo. Imekwisha.

(Sauti ya mwanaume, kwa mbali. Mtoto analia.)

Renatha: Mama... mama, subiri. Clavery anasema basi, tumekubaliana Marijani.

Gaudiosa: Nani amekubali?

Renatha: Anasema muda wote nimekuwa nikiisifia Marijani, Marijani, ameelewa kwamba ndiyo umeichagua. Ameshika simu yake ya kazi, anaweka oda.

Gaudiosa: Mungu wangu, tumejifunga kamba wenyewe. Mwambie asubiri!

Renatha: (kwa mbali) Clavery, subiri kidogo, mama ana... Hapana, sibishani. Sijasema nabishana. (karibu) Mama, anasema Marijani ndiyo ndefu kuliko zote, na wenzake wa kazini watapita kukusalimia. Hataki ya pili.

Gaudiosa: Isaac bado amekaa hapo?

Renatha: Yupo. Anakunywa chai.

Gaudiosa: Weka spika.

Renatha: Mama?

Gaudiosa: Weka spika, nimesema. Na usiogope. Futa uso kwanza.

(Sauti zinakuwa na mwangwi.)

Renatha: Uko kwenye spika, mama. Wote wanakusikia.

Gaudiosa: Asanteni, waitu. Isaac, nakusalimu, wa Rubya hawajambo? Renatha, mimi na mkwe hatusemezani ana kwa ana, kwa hiyo naongea na wewe, wewe mfikishie, na akijibu uniletee. Kwanza mshukuru. Mwambie watu wa hapa kijijini Ijumbi wote wamesikia kwamba Clavery anampandisha mama mkwe wake ndege. Hakuna asiyejua.

Renatha: Amesikia, mama. Anatabasamu.

Gaudiosa: Vizuri. Sasa kuhusu hiyo Marijani. Umenieleza kuna bwawa juu ya paa. Nisaidie kuuliza, wanaooga humo wanavaa nini?

Renatha: Nguo za kuogelea, mama.

Gaudiosa: Ndizo zikoje?

Renatha: Ni... ndogo ndogo.

Gaudiosa: Yaani chupi.

Renatha: Zinafanana na chupi.

Gaudiosa: Wanaume na wanawake?

Renatha: Wote pamoja, mama.

Gaudiosa: Na chumba changu kiko chini yao.

Renatha: Kiko chini yao.

Gaudiosa: Basi mfikishie mkwe, kwa heshima yote. Mama mkwe wake, mjane wa marehemu Joackim, mama wa Kikristo, alale kitandani huku wanaume asiowajua wamevaa chupi wanachezea maji juu ya kichwa chake? Nikirudi huku wakaniuliza mkwe alikulaza wapi, niwajibu hivyo? Isaac, nikikutana na mama yenu pale Rubya hospitali akaniuliza, nimjibu hivyo?

(Kicheko cha mwanaume. Kinakatika. Sauti mbili zinasemezana.)

Renatha: Mama, shemeji Isaac alikuwa anacheka, sasa hacheki. Anamwambia Clavery hilo haliwezekani. Anasema mama mkwe wake yeye angebeba mzigo wake na kuondoka usiku huo huo.

Gaudiosa: Isaac amelelewa.

Renatha: Clavery anasema... anasema lakini Upepo ni fupi.

Gaudiosa: Ghorofa kumi na nane ni fupi? Nyumba yangu mimi ina ghorofa ngapi? Mwambie Upepo inanitosha, na anipe ghorofa ya juu kabisa, ili watu wakiuliza ajivunie. Tena chumba chenye vitanda viwili.

Renatha: Anauliza viwili vya nini.

Gaudiosa: Kimoja changu, kimoja chako na mtoto. Lifti siijui. Kadi siijui. Bomba la maji ya moto silijui, nitajiunguza. Nikifungiwa humo ndani nani atanisikia?

Renatha: Anasema kuna wahudumu, mama, masaa yote.

Gaudiosa: Wa kike au wa kiume?

Renatha: Wapo wote.

Gaudiosa: Kwa hiyo mhudumu wa kiume aje anifungulie bomba nikiwa na taulo. Isaac unasikia? Mama mkwe ana binti mjini, binti mzima, mwenye mikono miwili, lakini anaachiwa wahudumu kama maiti isiyo na ndugu.

(Sauti za wanaume. Moja inapanda, nyingine inaizima.)

Renatha: Shemeji anasema ni kweli. Anasema kwa siku hizo Clavery atajipikia.

Gaudiosa: Atajipikia, ni mtu mzima. Na jambo lingine. Wakija kunisalimia, yeye na wenzake, nitashuka tusalimiane pale chini mapokezi, kwa umbali, kwa adabu. Kule juu hapandi mtu. Mkwe hafiki mlango wa mama mkwe. Au Dar mmefuta mila hiyo?

Renatha: Wanasema hawajafuta, mama. Wote wawili.

Gaudiosa: Nimefurahi. La mwisho, halafu nishuke kwenye kichuguu, miguu inauma. Baba yake Renatha amelala hapa kwenye kibanja chake, hajamwona mjukuu wake. Mtoto akishabatizwa, nitarudi naye na mama yake, aonyeshwe kaburi la babu yake na kibanja cha babu yake. Ndivyo tulivyofanya kwa watoto wote wa nyumba hii.

(Kimya kirefu.)

Gaudiosa: Renatha? Amesemaje?

Renatha: Hajasema, mama.

Gaudiosa: Isaac je?

Renatha: Shemeji anamtazama. Anasema marehemu hakataliwi. Anamuuliza Clavery, utamkatalia marehemu?

Gaudiosa: Na Clavery?

Renatha: Amenyamaza.

Gaudiosa: Akinyamaza amekubali. Isaac, wewe ni shahidi, waitu. Mungu awabariki. Renatha, toa spika, nikuagize dawa ya kifua.

(Mwangwi unaisha. Hatua. Mlango.)

Gaudiosa: Haloo? Umetoa?

Renatha: Nimetoa. Mama... mama, ametoka. Anamsindikiza shemeji getini.

Gaudiosa: Ameweka oda?

Renatha: Ameweka Upepo. Amebonyeza kwa hasira lakini amebonyeza. Mama, nisamehe sikukwambia. Kila nikitaka kukwambia nilifikiri utasema kama baba mdogo.

Gaudiosa: Basi hukunijua. Kaa kimya usilie, hatuna muda. Una vyeti vyako vya shule?

Renatha: Viko kabatini kwake.

Gaudiosa: Unaweza kuvipata?

Renatha: Asubuhi, akienda kazini.

Gaudiosa: Vichukue. Na kadi ya kliniki ya mtoto, na cheti cha kuzaliwa. Viweke kwenye mfuko wa mtoto, chini ya nepi. Nepi anazigusa?

Renatha: Hajawahi kugusa nepi tangu Kokugonza azaliwe.

Gaudiosa: Ndiyo hapo hapo. Usichukue sanduku, usichukue sufuria, usichukue hata kanga ya harusi. Mtu anayekwenda kumtunza mama yake hotelini habebi sufuria.

Renatha: Na akigundua? Mama, akigundua tukiwa bado huku?

Gaudiosa: Atagundua. Sitakudanganya. Atagundua akiwa chini mapokezi, sisi tuko juu. Apige simu chumbani, nitapokea mimi. Aone kama atanitukana mimi.

Renatha: Na tukifika nyumbani? Atakuja Ijumbi. Ataita wazee. Baba mdogo atasema nirudi.

Gaudiosa: Wakae kikao. Wakae hata tatu. Nitawapikia ebitoke, nitawapa na kahawa ya kutafuna, watasema mpaka koo zikauke. Halafu nitasimama niwaambie, nyumba hii alijenga Joackim na mimi nilikanyaga udongo wake kwa miguu, na mwanangu halali nje ya nyumba hii, na harudishwi popote. Anayetaka arudishwe, aende yeye akapigwe.

Renatha: (analia na kucheka) Gaudiosa!

Gaudiosa: Ehee. Sasa umerudi.

Renatha: Mama, lakini lifti. Wewe kupanda ngazi za mnara wa kengele tu ulishindwa, ukakaa katikati mpaka katekista akakushusha. Ghorofa kumi na nane, na kile chumba kinafunga chenyewe, kinaondoka chenyewe...

Gaudiosa: Naijua. Jirani yangu Kokushubila alinisimulia alivyopanda ya Mwanza, akasema tumbo linabaki chini.

Renatha: Si unaogopa?

Gaudiosa: Naogopa, Renatha. Tangu uliposema kumi na nane naogopa. Nitashika rozari kwa mkono huu na wewe kwa mkono huu, na nitafumba macho. Lakini nitapanda. Wataniona nimepanda.

Renatha: Mama, geti. Amefunga geti. Anarudi.

Gaudiosa: Futa uso. Nitakuuliza mawili tu, halafu kata wewe.

(Mlango. Hatua. Sauti ya mwanaume.)

Renatha: Ndiyo, bado ni mama. Namalizia. Dakika zenyewe zinaisha. (karibu) Haya mama yangu mpendwa, tumeshalipia Upepo, usiwe na wasiwasi.

Gaudiosa: Na wewe unaogopa?

Renatha: Kusema kweli, Marijani nayo ilikuwa nzuri, mama.

Gaudiosa: Utakuja? Hata usiku kucha akikusemesha, hata akikubembeleza, utakuja?

Renatha: Marijani, mama. Mimi moyoni bado ni Marijani. Mari—

(Simu inakatika.)